Picasso ya Chicago: sanamu iliyoachwa ishike kutu

Katika uwanja wa Daley Center, katikati ya jiji la Chicago, kuna sanamu ya chuma yenye kimo cha mita 15 na uzito wa takriban tani 147. Haina jina rasmi. Pablo Picasso aliibuni, hakuipa jina wala hakueleza inaonyesha nini, na wakazi wa jiji huiita Picasso tu. Wengine huona uso wa mwanamke, wengine mbwa wa Picasso wa aina ya Afghan, wengine ndege mwenye mbawa mbili. Rangi yake ni hudhurungi iliyokolea. Ukisogea karibu unatambua kwamba si rangi ya kopo bali ni kutu. Sanamu hii imesimama bila kupakwa chochote tangu izinduliwe Agosti 15, 1967, katika jua, mvua na theluji.

Geti la nyumbani likikaa misimu michache bila rangi huanza kumeguka chini, pale maji yanapotulia. Ndiyo maana swali la kwanza la mgeni huwa: mbona hii haijaanguka? Jibu limo katika aina ya chuma, namna kilivyoungwa, na mahali kiliposimamishwa. Moja ya haya matatu likikosewa, kutu ileile inayolinda hugeuka kuwa kutu inayokula.

Chuma chenyewe huuzwa kwa jina la Cor-Ten. Kampuni ya U.S. Steel ilikianzisha miaka ya 1930, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa mabehewa ya kubebea makaa ya mawe na mawe ya madini, ambayo hukwaruzwa kila siku kiasi kwamba rangi haidumu. Kwa sehemu kubwa ni chuma cha kawaida kilichotiwa viungo kidogo: shaba asilimia 0.25 hadi 0.55, fosforasi 0.07 hadi 0.15, silikoni 0.25 hadi 0.75, kromiamu isiyozidi asilimia 1.25 na nikeli isiyozidi 0.65. Stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu, kwa kulinganisha, huhitaji kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kwa hiyo Cor-Ten si ndugu wa stenlesi. Inashika kutu haraka tu kama chuma kingine chochote, na wiki za mwanzo hutaona tofauti.

Tofauti huja baadaye. Kutu ya chuma cha kawaida ina vinyweleo na nyufa. Hubanduka, chuma kipya hubaki wazi, nacho hushika kutu tena. Katika Cor-Ten, shaba, kromiamu na fosforasi hujikusanya katika tabaka la ndani la kutu, lile lililogusana na chuma. Tabaka hilo huwa na chembe ndogo mno zilizoshikamana sana, hivyo maji na oksijeni hupenya kwa shida. Rangi hubadilika kutoka chungwa kali hadi kahawia, kisha hudhurungi inayokaribia zambarau. Utando huu huchukua kati ya miaka miwili na mitano kutulia.

Lakini hautokei wenyewe. Unahitaji chuma kilowe, kisha kikauke, kisha kilowe tena, mara nyingi. Ni katika kukauka ndipo chembe zinapobana. Kipande kinachobaki na unyevu siku zote, kama kilichofukiwa udongoni, kilichofunikwa na majani au kilicho kwenye kona isiyopata hewa, huoza karibu sawa na chuma cha kawaida. Na hata mahali pazuri kutu haisimami kabisa. Hupungua kasi tu. Wahandisi wa madaraja nchini Uingereza hulikubali jambo hilo wazi: huongeza unene wa akiba, milimita 1 kwa kila uso ulio wazi mahali pa kawaida na milimita 1.5 mahali pakali, kwa ajili ya miaka 120 ya matumizi. Anayeuza chuma hiki kwa kusema hakiliki anauza uongo.

Kwa nini kikatumika Chicago? Kwa sababu ya jengo lililo nyuma ya sanamu. Civic Center, iliyopewa jina la meya Richard J. Daley baada ya kifo chake mwaka 1976, ilikamilika mwaka 1965 ikiwa na ghorofa 31 na kimo cha mita 198, na nje yote imevikwa Cor-Ten. Wakati huo chuma hiki kilikuwa ndiyo kwanza kinaingia kwenye majengo. Makao makuu ya kampuni ya John Deere huko Moline, kazi ya Eero Saarinen, yalikuwa yamefunguliwa mwaka 1964 tu. Uwanja mtupu mbele ya jengo ulihitaji kitu kikubwa. Msanifu William Hartmann alimwendea Picasso kusini mwa Ufaransa mwaka 1963, na mwaka 1965 Picasso akamaliza mfano mdogo wa chuma wenye kimo cha sentimita 105 hivi. Mfano huo sasa uko katika jumba la Art Institute of Chicago. Alipopelekewa hundi ya dola 100,000 aliikataa. Badala yake alitia sahihi hati ya kuutoa usanifu huo zawadi kwa watu wa Chicago. Gharama za kuijenga sanamu, dola 351,959.17, zililipwa na mifuko mitatu ya hisani. Picasso mwenyewe hakuwahi kufika Chicago.

Hapa inaanza kazi ambayo watazamaji wengi hawaifikirii. Kutoka sentimita 105 hadi mita 15.2 ni ukuzaji wa karibu mara 14.5. Ukikuza kila kipimo kwa kiasi hicho, eneo linalopigwa na upepo huongezeka mara 210 hivi, na uzito huongezeka mara 3,000 na zaidi. Bati lililosimama wima bila shida mezani, likikuzwa hivyo, hulemewa na uzito wake na kutikisika kwa upepo. Kwa hiyo hakuna sanamu kubwa ya mabamba ambayo ni nakala tupu ya mfano wake. Mhandisi huamua upya unene wa kila bamba, mahali pa mbavu za kulikaza, na namna nguvu za upepo zitakavyoshuka hadi kwenye msingi. Wachongaji wengine huonyesha mbavu hizo waziwazi: katika Angel of the North ya Antony Gormley, iliyosimamishwa Gateshead nchini Uingereza mwaka 1998 ikiwa na kimo cha mita 20, mbawa za mita 54 na tani 200 za chuma cha jamii hiihii, mbavu zote ziko nje na ndizo zinazochora mwili. Picasso alitaka nyuso tambarare, hivyo njia hiyo haikuwezekana.

Kazi ilifanywa na American Bridge, tawi la U.S. Steel, katika mji wa Gary, Indiana. Kwanza ulitengenezwa mfano wa alumini wa kuwaongoza mafundi, ukiwa na marekebisho machache. Kisha sanamu nzima iliunganishwa Gary, ikabomolewa vipande vipande, ikasafirishwa na kuunganishwa upya uwanjani. Kuunganisha mara mbili huonekana kama gharama ya bure hadi ukumbuke tabia ya kuchomelea. Ungio la moto likipoa husinyaa na kulivuta bamba upande wake. Bamba la mita 10 likipinda nyuzi 1 tu kwenye tako, ncha yake huhama kwa sentimita 17. Kosa kama hilo hurekebishwa karakanani kwa grainda, jeki na moto. Likigunduliwa uwanjani, kreni ikiwa imeshika kipande cha tani kadhaa angani, hakuna njia nzuri ya kulisahihisha.

Kwa fundi anayetaka kuichomelea Cor-Ten, kuna mambo mahususi. Rodi ya kawaida ya E7018 inafaa kwa ungio jembamba la mpito mmoja, yaani rodi ikipitishwa mara moja tu, kwa sababu chuma kinachoyeyuka hujichanganya na bamba na kupata shaba na kromiamu kutoka humo. Ungio nene la mipito mingi halipati mchanganyiko huo juu. Mipito ya mwisho, ile inayokabili mvua, lazima iwe ya rodi yenye viungo vya chuma hiki au yenye nikeli ya asilimia 2.5. Ukitumia rodi ya kawaida hadi juu, baada ya miaka michache utaona msitari wa rangi tofauti kila ulipochomelea, na msitari huo utalika haraka kuliko bamba.

Jambo la pili ni gamba la kiwandani, ile ngozi ya buluu inayoelekea nyeusi inayobaki kwenye bamba baada ya kupitishwa kwenye roli likiwa moto. Gamba hilo huzuia kutu kuanza, lakini si kila mahali. Hubanduka viraka viraka, na sanamu huonekana kama ina ugonjwa wa ngozi kwa miaka. Dawa yake ni kupiga mchanga au chembe za chuma kwa upepo wa kompresa, nje yote, hadi kiwango ambacho mafundi hukijua kama Sa 2½, yaani bamba jeupe lenye vivuli vidogo tu. Alama za chaki ya mafuta, grisi na hata viganja huacha madoa yaleyale, kwa hiyo vipimo huandikwa upande utakaofichwa. Asidi ya kusafishia isitumike. Ile inayouzwa madukani ni ya kloridi, na kloridi ikibaki kwenye mianya huanzisha kuoza ambako hakuonekani. Baada ya kupiga mchanga, wengi hunyunyiza maji safi kila siku kwa wiki kadhaa, wakiacha uso ukauke kabisa kabla ya kunyunyiza tena, ili rangi ianze kwa usawa.

Sasa tuje kwenye kinachoharibika. Adui wa kwanza ni mwanya. Mabamba mawili yaliyolaliana na kufungwa kwa boliti huacha nafasi nyembamba kati yao. Maji hunyonywa humo, na hayakauki. Kutu inayojitengeneza huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na msukumo wake hupinda mabamba na hata kukata boliti. Mwongozo wa wahandisi ni huu: umbali kati ya boliti na boliti usizidi mara 14 ya unene wa bamba jembamba zaidi, wala milimita 175, umbali kutoka boliti hadi ukingo usizidi mara 8 ya unene huo, wala milimita 125. Hapo mabamba hubanana kiasi kwamba mwanya hujiziba. Kwa sanamu, njia bora zaidi ni kuchomelea ukingo wote mzunguko mzima. Na boliti ziwe za chuma cha jamii hiyohiyo. Boliti iliyochovywa zinki ikiguswa na Cor-Ten iliyolowa, zinki ndiyo huliwa kwanza, kisha boliti hubaki bila kinga.

Maji yanayotuama ni ndugu wa mwanya. Kila uso wa mlalo upewe mwinamo, kila tundu la ndani litobolewe njia ya kutokea chini, na sehemu tupu ya ndani ama izibwe kabisa isipitishe hewa ama ipitishe hewa vizuri. Nusu kwa nusu ni mbaya kuliko zote mbili, kwa sababu hewa yenye unyevu huingia usiku, hugeuka matone kwenye chuma baridi, na haina pa kutokea.

Adui mkubwa kuliko wote ni chumvi. Kloridi huvuta unyevu wa hewani, hufanya uso usikauke, na hubadilisha aina ya kutu inayojitengeneza kiasi kwamba tabaka lile la kubana halipati nafasi. Aloha Stadium ya Honolulu, iliyofunguliwa mwaka 1975, ilijengwa kwa chuma hiki katika kisiwa kinachopigwa na upepo wa bahari. Kutu ikapita kiasi na matengenezo hayakuisha. Omni, ukumbi wa michezo wa Atlanta uliofunguliwa mwaka 1972, ulitoboka kuta katika hewa yake yenye unyevunyevu, ukabomolewa mwaka 1997. Chicago ina bahati ya jiografia: ziwa Michigan lililo karibu halina chumvi. Chumvi inayoitishia sanamu kama hii katika jiji lenye baridi kali ni ile inayomwagwa chini wakati wa theluji ili watu wasiteleze, na ndiyo maana sehemu ya kukaguliwa kwanza ni futi mbili za chini.

Hoja hiyohiyo ndiyo jibu kwa anayewaza kuagiza sanamu ya aina hii Afrika Mashariki. Nairobi, Dodoma au Kampala, mbali na bahari na penye misimu ya mvua na ukavu, chuma hiki kinaweza kufanya kazi vizuri. Mombasa, Zanzibar au ufukweni Dar es Salaam, hapana. Kanuni ya Uingereza ya kutokitumia ndani ya kilomita 2 kutoka pwani ni ya kiwango cha chini tu, na kwa upepo wa kusi ningekwenda mbali zaidi. Si ajabu kwamba pembe za ndovu za Moi Avenue huko Mombasa ni za alumini, na kwamba sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, iliyosimama tangu mwaka 1927, ni ya shaba nyeusi. Metali hizo nazo hushambuliwa na chumvi, lakini utando wake huvumilia.

Miaka ya mwanzo maji ya mvua hushuka na chembe za kutu na kupaka kila kilicho chini. Marumaru, chokaa na zege jeupe hunyonya doa hilo na halitoki. Graniti huvumilia zaidi. Aliyepanga vizuri huweka mfereji wa kokoto kuzunguka tako, au hukata ukingo wa chini ili matone yaanguke pale anapotaka.

Picasso ya Chicago ina jambo jingine: watoto hupanda mteremko wa tako lake na kuteleza. Msuguano wa suruali na viganja hulainisha kutu hapo hadi ing'ae kidogo. Hilo si la kuogopwa, na binafsi naona ni heri kuliko kuizungushia uzio. Cha kuogopwa zaidi ni maandishi ya rangi ya kopo. Kwenye uso uliopakwa rangi, kama Flamingo nyekundu ya Alexander Calder ya mwaka 1974 iliyo mitaa michache kutoka hapo, mtu husafisha au hupaka upya. Kwenye kutu wazi, viyeyushi husukuma rangi ndani ya vinyweleo. Maji ya moto yenye presha ya wastani, yakitumiwa mapema, husaidia. Presha ikizidi huondoa utando na kuacha kiraka cha chungwa kitakachochukua miaka kufanana na jirani zake. Vanishi ya kuzuia maandishi isiguswe, kwa maana hufungia unyevu chini yake.

Ukaguzi hauhitaji vifaa vingi. Pitisha kiganja: vumbi laini ni dalili njema. Magamba madogo ya milimita 3 bado ni ya kawaida. Yakifika milimita 6 tafuta maji yanatoka wapi. Yakizidi milimita 12, au kutu ikibanduka kama kurasa, utando umeshindwa. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize mlio mtupu kwenye maungio, kisha pima unene uliobaki kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, mahali palepale kila mara, ili namba za mwaka huu zilinganishwe na za nyuma.

Kuna fundo moja la mwisho, nalo ni la kisheria. Watu hudhani kwamba sanamu iliyo mahali pa umma ni huru kuchapishwa na kuuzwa picha zake. Kwa Picasso ya Chicago ni kweli, ila si kwa sababu iko uwanjani. Sheria ya Marekani ya wakati huo, ya mwaka 1909, ilidai kazi ikitolewa hadharani iwe na tangazo la hakimiliki. Mfano mdogo ulionyeshwa mwaka 1966 na picha zake zikapewa magazeti bila tangazo hilo. Tangazo lilichongwa kwenye graniti chini ya sanamu kubwa mwaka 1967, likiitaja Public Building Commission, tume ya majengo ya umma ya Chicago, kama mmiliki. Mchapishaji mmoja akaenda mahakama ya shirikisho, na mwaka 1970 mahakama ikaamua: sanamu kubwa ni nakala ya mfano, mfano ulishatoka bila tangazo, basi hakimiliki ilipotea kabla sanamu haijasimama.

Usiichukulie hukumu hiyo kuwa ruhusa kwa sanamu nyingine. Tangu Machi 1, 1989 tangazo si sharti tena nchini Marekani, na sheria ya huko inaruhusu picha za majengo yanayoonekana barabarani, si za sanamu. Cloud Gate ya Anish Kapoor, ile ya stenlesi inayong'aa iliyo umbali wa kutembea kutoka Daley Center, iko chini ya hakimiliki ya msanii wake. Mwaka 2018 Kapoor alikishtaki chama cha wamiliki wa bunduki, National Rifle Association, kwa kuitumia katika video yao, na picha hiyo ikaondolewa. Kadi ya posta yenye Picasso unaweza kuichapisha na kuiuza kesho. Yenye Cloud Gate, omba kibali kwanza.